Soda ya Mizimu

Duangjai, siamini macho yangu!

Lukas, yule mgeni wetu wa begi mgongoni, kanywa soda ya mizimu! Ile nyekundu mama anayoweka kila asubuhi kwenye kijumba chao pale uani. Kanywa yote, tena kwa mrija wao!

Namuuliza kwa Kiingereza, "We kaka, nani kakupa?"
Ati, "Si ya kukaribisha wageni?"
Wageni! Na ubani unawaka pale pale!

Mama kaja mbio. "Watatukasirikia! Mwambie apige magoti aombe radhi."

Jitu zima likapiga magoti, likafumba macho, likaunganisha viganja. Mama akaanza kutulia.

Likafumbua jicho moja: "Dada, ya baridi hamna?"

Mama: "Anasemaje?"

Nimemwambia anajuta sana.