Muguu ya Pedale Iko ya Nani

Ndugu yangu Kanti,

Miye mwenyewe njo naandika. Georgette, mutoto yangu mwanamuke, alisema: «Papa, sema tu, miye nitaandika.» Nilikatala. Letre yangu, maandiko ya mukono, iko kubwa kama ile banaandika ku turubai ya kamio, lakini ni yangu.

Siyui barua hii itakufikia wapi. Mutoto yako alitutumia habari asema ulikufa kule kwenu, na mwili bakachoma. Lakini weye ulikuwa unasema mutu anarudia, anazaliwa tena. Basi pengine leo uko mutoto wa miaka tatu fasi moya, unakatala kukula. Kama ni vile, ambia mukubwa moya akusomee, juu niko na woga na sina mutu mwengine wa kuuliza.

Niko mu lupitalo. Ni muguu ya kuume, ile ya kukanyaga pedale ya mashini ya kushona. Ilianza na kidonda kidogo ya kiatu, na sukari iko mu damu yangu tangu zamani, unayua. Nilitia dawa ya miti, nikafunga na kitambaa, nikaendelea kushona miezi mbili. Sasa iko nyeusi. Munganga anasema isipite kesho, bakate chini ya goti, ao sumu itapanda na nitakufa. Karatasi ya kusinye, ya kukubali bakate, iko chini ya muto yangu, siku tatu sasa. Kila asubui infirmiye mwenye kutunza bagonjwa anauliza, miye ninamujibu: «Tungoje Mungu.»

Unakumbuka barza ya magazini yako, ile duka mu Kamalondo. Weye ndani na bitambaa, miye inje na mashini. Hakuna mutu mu Lubumbashi nzima alikata koti kunishinda. Bakubwa ba Golf, kule kwa batajiri, balituma bashofere kunitafuta, na nilikuwa ninabapima na macho tu. Weye ulikuwa unacheka, lakini hukubisha hata siku moya.

Na kila mwaka, ile siku yenu ya kuheshimu bintu bya kazi. Ulikuwa unatia poda nyekundu na maua juu ya makasi, juu ya mashini yangu, unasema leo ipumuzike. Miaka yote nilikubali, sababu ya chai na bintu bya sukari. Mwaka moya nikakatala. Nilikuwa na robe, nguo ya bibi-arusi, ya kumaliza. Nilikuambia miye ni Mukristo, na mashini ni chuma tu. Nikakanyaga. Shindano ya kushonea ikapita ndani ya kidole ya mukono, ikatokea upande ingine.

Nilikaa pale, damu juu ya robe nyeupe, nikasema: «Kanti, Mungu wenu alinipiga.»

Ulifunga kidole na kipande ya popline. Ulikasirika kweli. «Kichwa-nguvu weye, Mungu hana kazi ya kukungojea na shindano.»

«Basi ni nani?»

«Ni weye. Ulikanyaga na hasira.»

«Lakini weye njo unasemaka hakuna kitu inatembea bila yeye.»

Ulinionyesha roda, ile gurudumu ya mashini. Ulisema nguvu ya kuzunguka yote ni ya Mungu, hata ile ya muguu yangu. Na kitambaa yenye iko mbele ya mutu, mutu alijishonea yeye mwenyewe zamani na matendo yake, pengine mu maisha ingine, na leo hawezi kuikatala. Lakini kukanyaga ao kuacha, ile Mungu alimuachia. Nikakuuliza: kama nguvu ni yake, namna gani kukanyaga iko yangu? Ukasema hata kwenu bazee benye kusoma sana banabishana. Bamoya banasema mutu iko kama mutoto wa nyani, anashika mama yake na mikono yake mwenyewe. Bengine banasema iko kama mutoto wa paka, mama anamubeba na meno, yeye analegea tu.

«Na miye?»

«Weye uko mutoto wa nyani mwenye anauma mama yake.»

Tulicheka mpaka mwenye robe akafika, na kicheko ikakwisha.

Leo ile maneno inanisumbua. Pasta alikuya kuniombea, akasema yote iko mu mikono ya Mungu. Ni kweli, lakini miye nilikamata ile neno ya kujifichia. Munganga aliniambia kama ningekuya mwanzo, bangekata kidole ya muguu tu. Wakati ule Georgette alileta teksi mpaka ku mulango, anipeleke ku lupitalo. Nilifukuza shofere na fimbo. Mungu hakufukuza shofere.

Na kuko woga ingine. Ulisema kukanyaga iko yangu. Bakikata muguu, nitabakia na nini ya kwangu? Kubebwa, kuoshwa, kuwekwa ku kiti. Mutoto wa paka. Miye.

Leo asubui Georgette alikaa pembeni ya kitanda. Hakulia. Alisema: «Papa, weye hungoji Mungu. Unangoja miye nisinye, kusudi kesho useme Georgette alikukata muguu.»

Alisema kweli.

Unakumbuka siku ya kufunga magazini kabisa, ulinipatia ile manivele ya kuzungusha mashini na mukono. Ulisema miguu inazeekaka. Nilikukasirikia, nikasema ile ni ya babibi ba kushona mapazia. Niliitupa mu sanduku. Lakini sikuitupa inje, Kanti.

Nilituma Georgette akaitafute. Iko na kutu kidogo, lakini inazunguka. Iko juu ya mapaja yangu saa hii, na nimeishika sana.

Karatasi nimeitoa chini ya muto. Jina yangu nimeandika kubwa, ikapita mustari. Nguvu ya mukono siyui kama ni yangu ao ni ya nani. Jina ni yangu.

Ubakie muzuri, ndugu. Na kama uko mutoto, kula ile banakupatia.

Ndugu yako wa ku barza,
Kichwa-nguvu