Tangu Asaad Ashinde Kura

Ibra,
Oman.
3 Januari 2023

Mpendwa Da Shukriya,

Shikamoo dada yangu. U hali gani, na magoti yanasemaje na baridi ya huko Cardiff? Sisi huku wazima, alhamdulillahi, ila mimi roho haijatulia. Nimeona nikwandikie, maana kwenye simu ningelia tu.

Mwanangu Asaad amepata kiti cha Baraza la Manispaa. Si kushinda kwa kubahatisha, dada, ni kishindo! Siku hizi kura zapigwa kwa simu, mtu yuko kwake na kahawa yake, na kabila zima la marehemu baba yake lilimpa yeye, hadi walio Maskat.

Sasa aliyeshindana naye ni nani? Bassam, mtoto wa Kuruthum! Kuruthum huyu huyu jirani yangu, ambaye tangu nifiwe ndiye pekee mtaani ninayezungumza naye Kiswahili. Wanangu wananifahamu lakini wananijibu Kiarabu, na wajukuu ndio kabisa. Maskini Bassam kapata kura za kuhurumiwa.

Matokeo yalipotoka vijana walizunguka na magari, honi mtaa mzima, na mimi nikapanda juu ya paa nikapiga vigelegele. Nisipige? Si mwanangu? Kumbe Kuruthum yuko uani kwake, ananisikia.

Toka siku ile hajatia mguu kwangu. Kahawa ya asubuhi naimimina mwenyewe, nainywa mwenyewe. Nyumba imejaa wageni wa kumpongeza Asaad, wananibusu kichwa, wanapita. Sijawahi kuwa mpweke hivi, hata eda sikuikaa hivi.

Jana nikamwambia Asaad twende tukawaone. Bassam, Mungu ampe, akamkumbatia mwenzake wakacheka. Mimi nikazunguka mlango wa jikoni kama kawaida yangu, nikakuta umefungwa. Kuruthum akanifungulia mlango wa mbele, akanikalisha majlisi, akamwagiza mtumishi alete halua na matunda. Akaniuliza hali za watoto mmoja mmoja, kwa Kiarabu kitupu. Heshima zote za mgeni nilipewa, dada, na nilitamani anitukane.

Wewe umecheza naye utotoni, maneno yako huyasikia. Mpigie, usimwambie nimekutuma. Mwambie kiti ni cha Asaad. Mimi sina kiti mimi, nina yeye Kuruthum tu.

Nisalimie shemeji Sleyum na Alya. Mungu akuweke, atukutanishe tukingali na macho ya kuonana.

Ndimi mdogo wako akupendaye,
Mabruka