Faili la Masikio ya Mume Wangu

Jumatatu, 3 Machi
Mwanasheria mpya amekuja kutusomesha sheria. Asubuhi nzima, na kiyoyozi kimekufa. Kwa kifupi: mfuko wa matibabu wa kiwanda si mali ya bosi, ni wa wafanyakazi. Na anayepokea madai yao – yaani mimi – akiona ugonjwa wa mtu afunge mdomo. Asimwambie bosi, asimwambie jirani, asiuulizie hata nyumbani kwake. Faini yake ukitajiwa utatafuta kiti.

Nikatia saini ahadi hiyo kwa madaha. Mimi na kuropoka wapi na wapi? Nikamtupia jicho Redio, dada wa hesabu tuliyempa jina hilo kwa kuwa habari haijawahi kulala kwake. Naye akanitupia jicho mimi.

Jumatano, 5 Machi
Bosi kanifuata ofisini, mlango kaufunga mwenyewe. Anataka majina ya wanaougua-ugua kule kwenye mashine za mbao, "ili tujipange." Kujipanga gani? Anataka kupunguza watu. Nikamwambia sheria hairuhusu. Akasema anayelipa ni yeye. Nikasema hata hivyo. Akatoka bila kuaga. Nilijisikia mrefu.

Nyumbani nikamsimulia mume wangu, maana naye yuko kule kule kwenye mashine. Nikaongea mpaka nikamaliza, yeye anatazama dirishani. Nikamuuliza, umetia pamba masikioni? Akacheka tu. Ndivyo alivyo siku zote, anachagua cha kusikia.

Ijumaa, 7 Machi
Sijui nianzie wapi.

Katika madai ya leo limo la mume wangu. Kazi yake ni mashine ya randa, miaka na miaka ndani ya ule mngurumo. Daktari kaandika: sikio la kulia limepungua sana, la kushoto linafuata. Anaombewa vifaa vya kusikia, viwili.

Alikwenda kupimwa bila kuniambia! Siku ile aliyoaga anakwenda kununua misumari. Na misumari alirudi nayo, mjanja yule.

Kumbe hakuwa anachagua. Na mimi na utani wangu wa pamba. Nimelia kidogo chooni, nikanawa uso, nikarudi mezani. Ndipo nikaikumbuka saini yangu. Hata nyumbani nisiulize. Nimejifunga kamba mwenyewe.

Jumatatu, 10 Machi
Nimempigia mwanasheria. Kasema dai la mtu wako huligusi, mpe mwingine aliyesomeshwa. Nani? Redio peke yake. Nikauliza, hakuna mwingine hata wa kuazima? Hakuna.

Tena kuna kingine. Kijitabu cha kanuni za mfuko wetu kinasema vifaa vya kusikia havilipiwi. Mwanasheria anasema kwa aliyeumizwa na kelele za kazini sheria haikubali tena, lazima kijitabu kibadilishwe. Na wa kusaini mabadiliko ni bosi. Yule yule aliyetoka bila kuaga.

Nikampelekea Redio faili, kama mtu anayemkabidhi paka samaki. Akalisoma, akaniangalia, akalifungia kabatini. Hakusema neno. Hapo ndipo nilipoogopa kweli.

Alhamisi, 20 Machi
Redio haongei! Kiwanda kizima hakijui kitu. Nimepita dirishani kwake nikijifanya natafuta stepla, halafu gundi, halafu stepla tena.

Leo nikajaribu: "Shoga, lile jambo limefikia wapi?"
"Jambo gani, dada?"
"Lile la kabatini."
"Kabatini mna mengi." Akanimiminia chai. "Dada, wewe ni mke wake. Si umuulize mwenyewe."
"Mwanasheria kanikataza, unajua."
"Basi na mimi kanikataza. Sukari?"

Nilitaka kumnyonga. Na kumkumbatia.

Nyumbani siku hizi nasimama upande wa kushoto wake. Naongea taratibu, uso kwa uso. Jana kaniuliza kwa wasiwasi, unataka nikununulie nini?

Jumanne, 1 Aprili
Mkutano wa mfuko. Walipofika kwenye kijitabu na madai nikaombwa nitoke, kwa kuwa mhusika ni wangu. Nikakaa kwenye benchi la korido. Sauti ya bosi juu, ya mwanasheria chini. Kisha ya Redio, ndefu, bila kituo. Sikupata hata neno moja.

Wakatoka. Bosi kanuna – lakini bosi hununa akishinda na hununa akishindwa, uso wake ni huo mmoja. Redio akapita, akanifinya bega. Bega tu. Bega la ndiyo au bega la pole?

Naogopa. Wakimnyima atazidi kujificha, na ile mashine haina huruma na mtu asiyesikia akiitwa. Hilo ndilo linalonikosesha raha, wala si faini.

Jumapili, 6 Aprili
Mume wangu alirudi kutoka mjini mchana na kofia ya sufu, kaishusha mpaka chini ya masikio. Kwa joto hili. Nikamuuliza, kichwa kinauma? Hapana. Unasikia baridi? Kidogo. Jasho linamtiririka mpaka shingoni. Nikajitia hamnazo, nikachukua shajara yangu, nikakaa mezani.

Amekuja kukaa mbele yangu. Anageuza kichwa huku, anageuza kule. Bomba la jikoni linalodondosha maji. Feni. Watoto wa jirani. Namwona kwa pembe ya jicho, anavyotabasamu peke yake halafu anajikaza.

Sasa hivi kasema, polepole, kama anayeijaribu sauti yake mwenyewe: "Mwenzangu, kwani kalamu yako huwa inakwaruza hivyo siku zote?"

Sijamjibu. Sitakiwi kujua kitu, na yeye kofia hajavua. Nimeinamisha uso asiyaone machozi. Naendelea kuandika, chochote tu, naikandamiza kalamu kidogo ili aisikie vizuri