Uliitisha Mashine, Nikajibu Mimi

Mama,

Nakuandikia kwa Kiswahili, na ungekuwa hai ungenicheka. Kwa mdomo sisi tulikuwa watu wa Kipsigis tangu kuamka hadi kulala. Lakini kusoma ulifundishwa kwa Kiswahili, kwenye masomo ya ngumbaru pale kanisani, ukiwa tayari na watoto wawili, na siku ulipopoteza sauti ni Kiswahili hicho ulichokuja kuandika kwa kidole kimoja. Kwa hivyo kwenye kompyuta hii, lugha yetu mimi na wewe ni hii.

Huku tuko. Ng'ombe wako mweusi amezaa ndama jike. Chai ya upande wa mto tuliikata na sasa imeanza kuchipua. Mimi bado nina ofisi yangu Sotik, chumba kile kile, na wateja wananiuliza kama kweli kompyuta zote zitakufa mwaka wa elfu mbili ukiingia. Nawaambia sijui. Zamani ningetafuta jibu la kuonyesha kwamba najua.

Unakumbuka siku nilipoinunua? Kuna ofisi Kericho ilikuwa inafungwa, wakauza vitu vyao, nami nikarudi na kompyuta na printa kwenye pikapu ya maziwa, nimezikumbatia njia nzima kama watoto wagonjwa. Kesho yake ulikuja mjini kuziona. Ulikuwa umeshafuma kitambaa cha kuzifunika. Ukaniuliza kama hiyo mashine ina akili. Nikakwambia haina, inaandika tu kile mtu anachobonyeza. Ukasema basi ni afadhali kuliko watu wengi.

Nilichapa kadi za harusi, kadi za harambee, barua za watu wanaotafuta kazi, ratiba za mazishi. Mwalimu wa shule ya jirani alikuwa akija saa ya chakula kucheza karata za kwenye skrini, anajishinda mwenyewe na kufurahi. Niliona nimefika.

Halafu ikaja ile mvua ya elinino iliyobomoa barabara, na baada ya mvua ukaanguka. Nilikukuta penye zizi, ndoo imepinduka, maziwa yameingia kwenye matope, na macho yako yananitazama. Tulikaa hospitali ya Longisa wiki nyingi. Daktari alinieleza polepole, ili nielewe: akili yako iko sawasawa, kilichokufa ni upande wa kulia na ulimi. Nilifurahi. Sikuwaza ni jambo gani kuwa na akili yote na kukosa pa kuipitishia.

Tulikupa kalamu mkono wa kushoto, ukachora mistari kama kuku amepita, ukaitupa. Ukalia kwa hasira. Hapo ndipo nilipowaza kompyuta. Stima ya kwenda kiwanda cha chai ilipita kwetu, na ni wewe uliyepigana hadi ikaingizwa nyumbani. Nikairudisha mashine kwa pikapu ile ile, nikaiweka kwenye meza ya sebuleni mbele ya kiti chako, nikakuza herufi hadi zikawa kubwa kama za bango la duka. Ukaangalia kibodi muda mrefu. Kidole kikatembea, kikatafuta. C. Kikapotea. H. Nilikaa nikidhani utamwita Mungu, au utaniita mimi.

CHUMVI.

Uji wa asubuhi haukuwa na chumvi, nawe ulikuwa umeimezea mate chumvi hiyo tangu Longisa. Nilicheka hadi nikakaa chini. Nawe ukacheka na upande mmoja wa uso.

Siku zile zilikuwa nzuri, Mama. Nataka uzikumbuke ukikumbuka mengine. Nilihamishia kazi nyumbani: asubuhi mashine ni yako, alasiri ni yangu. Uliuliza nani amekamua, kwa nini majani yamechelewa kupelekwa kituoni, nani aliyeacha lango wazi. Mchungaji alipokuja na kuomba sana, ulingoja, ukaandika INATOSHA, na yeye mwenyewe akaona, akasema amina. Mimi ndiye niliyekusumbua. Ulikuwa mwepesi wa maneno maisha yako yote, na sasa neno moja lilichukua muda wa kuchemsha chai. Ukifika katikati, mimi nishalisema. Ukiandika NG, nasema ng'ombe, nishamlisha. Siku moja uliupiga mkono wangu ukaandika USINIMALIZIE. Nilikuomba msamaha. Kesho yake nikafanya vile vile.

Kazi ikaanza kunikimbia. Watu walichoka kupanda kutoka mjini kuleta karatasi, na upande wa barabara ya Kisii kulikuwa na kijana amefungua ofisi yenye mashine mpya. Shule fulani ikataka mitihani yake ya muhula ichapwe haraka. Nikakwambia naipeleka mashine Sotik kwa wiki moja tu. Ukakubali kwa kichwa. Jirani yetu akawa anashinda nawe, mimi nikalala mjini. Wiki moja ikaisha nikaongeza nyingine. Kitu ambacho sijawahi kumwambia mtu ni kwamba nililala vizuri kule. Hakukuwa na wa kugeuza, hakukuwa na shuka za kufua kabla ya kwenda kazini. Niliamka mwepesi, na nikaupenda wepesi huo.

Jumapili yake, nikiwa nimerudi nyumbani baada ya kanisa, Kiprotich alikuja kutoka Mulot na baba mdogo. Ndugu yangu alisema vizuri, huwezi kumlaumu. Alisema ana nyumba kubwa, mke wake Emily yuko nyumbani mchana kutwa, na mimi ni mtu mmoja na kazi yangu. Lakini akasema pia kwamba hawezi kumhamisha mama yake kama gunia la ngano, ni lazima wewe mwenyewe uamue. Akapiga magoti mbele ya kiti chako.

"Mama, utakuja kukaa na sisi?"

Ulimtazama yeye, ukanitazama mimi. Kisha ukainua mkono wa kushoto ukaipiga meza. Pale mbele yako, mahali pa kibodi, ambapo palikuwa patupu. Ukapiga tena, na tena.

Kiprotich akanigeukia. "Anasema nini?"

Nilijua, Mama. Sitajificha kwamba sikuelewa. Ulikuwa unaitisha mashine. Ulikuwa na la kusema na ulitaka pa kulisemea, na mtu pekee katika chumba kile aliyejua hivyo ni mimi. Ningesema tu, ngojeni, kesho naileta, ataandika mwenyewe. Niliogopa utakachoandika. Nikasema, "Amekubali."

Baba mdogo akafumba macho akaomba. Mimi nilifumbua yangu nikakuta yako yananiangalia. Hukulia. Uliutoa mkono mezani ukauweka mapajani, juu ya ule mwingine uliokufa.

Walikuchukua siku hiyo hiyo, na mimi ndiye niliyekufungia nguo zako. Nilikunja vizuri sana. Sijui nilikuwa nataka nani aone.

Mulot unajua kulivyo, upepo wa ngano na vumbi la magari ya Narok. Nyumbani kwa Kiprotich hakuna stima. Hilo pia nililijua nilipofungua mdomo, kwamba kule mashine haiwezi kukufuata. Nilikuja kukuona mara mbili. Mara ya kwanza ulikuwa umelala umeelekea ukutani, na Emily akaniambia kwa sauti ya chini nisikuamshe. Hukuwa usingizini. Najua pumzi yako ya usingizi.

Mara ya pili nilikuta Emily amekata ubavu wa katoni ya sabuni, ameandika juu yake herufi zote kwa makaa, A hadi Z, anaushika mbele yako nawe unaonyesha kwa kidole. Ulikuwa unaitisha blanketi. Hakuna aliyemfundisha. Emily hajawahi kugusa kompyuta. Mimi, ambaye herufi zote hizo zimelala chini ya vidole vyangu kila siku, sikuwa nimewaza kukuachia hata karatasi moja. Alifurahi kunionyesha. Akatuacha wawili ili tuongee. Nikakuwekea katoni mapajani, nikakwambia, Mama, niambie. Ukaisukuma. Polepole, bila hasira, kama mtu aliyeshiba anavyosukuma sahani. Nilikaa hadi chai ikapoa, nikakwambia habari za ng'ombe, nikaondoka.

Ulikufa siku ya soko, Kiprotich akiwa ameenda kutafuta dawa ya mifugo. Emily alikuwa nawe. Ninamshukuru Mungu ni yeye na si mimi, kwa sababu nadhani ungemtaka yeye.

Tulikurudisha hapa tukakulaza karibu na Baba. Ratiba ya mazishi niliichapa mwenyewe, na nilipofika mahali pa kueleza siku zako za mwisho niliandika kwamba ulihamia kwa mwanao. Nikaangalia neno hilo, alihamia, nikaliacha.

Emily alisimama kusema. Ni mtu wa haya, alishika leso yake kwa mikono miwili. Akawaeleza watu kuhusu katoni. Akasema majuma ya mwisho ulikuwa huitishi tena chakula wala blanketi, ulikuwa unaonyesha neno moja tu kila siku, herufi kwa herufi, na neno hilo ni NYUMBANI. Akasema hapo alijua kwamba mama mkwe wake yuko tayari, anaiona nyumba ya Baba yake mbinguni, na kwamba kila ulipolionyesha alikushika mkono akaomba nawe ili safari iwe rahisi. Watu wakasema amina. Kwaya ikaanza kuimba. Kiprotich alilia kwa faraja, nilimwona. Nami nilisimama karibu na udongo wako na ile ratiba mkononi, nikashindwa kuimba na kushindwa kulia, kwa sababu nilijua ni nyumba gani ulikuwa unaitaja. Ni hii ya mabati, yenye zizi nyuma.

Wageni wengi walipoondoka nilimfuata Kiprotich penye zizi nikamwambia yote. Meza. Mkono wako. Neno nililosema. Alikuwa anafunga ndama, akaendelea kufunga. Nilingoja anitukane, nilitaka anitukane.

Akasema, "Gari lilikuwa pale nje, Chelang'at. Ungesema hataki, ningemleta Emily aje akae naye huku. Mimi na baba mdogo tulikuwa tumekubaliana hivyo njiani."

Akamaliza kufunga ndama. Aliingia ndani, na baadaye nikamsikia akiwaaga watu kwa upole kama kawaida yake. Hivyo ndivyo tulivyo hadi sasa. Anakuja kila mwisho wa mwezi kuona chai, ananisalimia kwa mkono, anakula ninachopika. Baba mdogo nilimwambia pia. Akasema marehemu yuko kwa Mungu, tusichimbue. Ni maneno ya kunisaidia, lakini siyaamini. Mimi ndiye niliyepaswa kuogopa kuchimbua, si yeye.

Emily hajui. Katoni ameitundika ukutani Mulot, karibu na kalenda, na mgeni akiingia anamhadithia jinsi ulivyoiona mbingu. Kiprotich hajamwambia. Aliniambia hilo ni langu. Nimezunguka nalo miezi hii yote. Mara najiambia ni ukatili kumnyang'anya mtu faraja yake, mara naona kwamba faraja hiyo inanifunika mimi kuliko inavyomfunika yeye. Alikusikia, Mama. Alikusikia vizuri kuliko sisi wote, akatafsiri vibaya kwa sababu mimi nilikuwa nimeshawaambia uongo. Alidhani uko mahali ulipochagua kuwa. Mtu akiwa mahali alipochagua kuwa, nyumbani ni wapi tena kama si juu?

Sikuombi unisamehe. Huwezi kunijibu, na nikijijibu mwenyewe nitakuwa nimekusemea mara nyingine.

Nakuahidi kitu kidogo ambacho ninaweza. Jumamosi nafunga ofisi, naenda Mulot. Nitakaa na Emily jikoni, tukiwa wawili, nimwambie lile neno lilikuwa na maana gani, na kwa nini hakuweza kujua. Sitamwambia la kusema. Akilia nitakaa, akinifukuza nitatoka.

Saisere, Mama, kwaheri kwa lugha yetu ya mdomo. Jumamosi jioni nikirudi nitapitia kaburini nikueleze alichosema, neno kwa neno, hata kama ni baya.

Binti yako,
Chelang'at