Jina langu mu barua ya sabuni

Siku ya tatu, 6 juin 2001

Nimefagia savonnerie tena, kiwanda yetu ya sabuni. Vumbi tu. Hakuna hata kipande cha sabuni. Mapipa ya mawese yamekauka, panya zinalamba. Patron aliniachia funguo kwa sababu mimi ni wa zamani, na kila siku ya posho, mwisho wa wiki, ananipimia maharagwe. Hiyo si mushahara. Ni huruma.

Zamani tulikuwa bamama makumi tatu hapa Butembo. Moto ya mikalitusi toka asubui, mafuta inachemka, nyimbo. Kisha sabuni ya Uganda ikaingia na njia ya Kasindi. Iko nyeupe, iko na harufu, bei iko chini. Yetu ikakufa.

Na ile sabuni ya Uganda, mutoto wangu Masika ndiye anaiuzisha kule Beni. Mutoto mumoja alibakia. Baba yake alienda na camion njia ya Kisangani wakati wa vita ya kwanza, hakurudia. Mudogo wake alikufa na surua. Masika alienda Beni kwa sababu hapa hakuna kazi. Miaka mbili sasa. Akishuka mpaka Kasindi, anabeba carton mbili tatu, anarudia, anauzisha kidogo kidogo.

Naandika mu kaye yake ya masomo ya zamani. Mi nilisoma mpaka mwaka wa ine tu. Inatosha kwa mambo yangu.

Nyumba iko kimya sana.

Siku ya Mungu, 10 juin

Kisha misa Patron alituita kwake, bamama ba zamani. Alikuwa na barua. Tunaomba wakubwa ba vita banatawala huku bapandishe taxe, ile kodi ya sabuni ya inje, pale douane ya Kasindi, pa mupaka na Uganda, ili kazi ya batu ba hapa irudie.

Mama Kyakimwa, yeye hawezi nyamaza. Akauliza: "Patron, na soude je? Inalimwa Musienene pamoja na viazi?"

Tulicheka wote. Soude ndiyo ile dawa ya kuunguza inageuza mafuta kuwa sabuni. Bila soude unapika mboga tu. Nayo inatoka Uganda, njia ile ile. Patron hakucheka. Alisema soude ni kitu ya kazi, hawawezi kuigusa, bale bakubwa si bajinga.

Kila mutu akatia jina ao kidole. Mimi najua kuandika, donc baliniweka wa kwanza. Niliandika jina yangu kubwa.

Nilijua. Hapa naandika ukweli: nilijua kabisa kama Masika anaishi na ile sabuni. Nikafikiri, bei ikiharibika kule, atarudia nyumbani. Atapika hapa na mimi. Sikumuuliza. Sikumwandikia.

Siku ya kwanza, 2 juillet

Balitangaza mu soko na megafone. Taxe ya sabuni ya inje imepanda. Imepanda sana.

Bamama baliimba. Kyakimwa alicheza mpaka akateleza mu matope. Mi niliimba pia. Jina ya Masika sikuitaja.

Siku ya kwanza, 9 juillet

Tumepika!

Tulirudia bamama kumi na moja. Bengine Patron alisema bangojee. Mawese ilifika toka upande ya Beni, soude ilikuwa ile ya stoki. Moshi ilinichoma macho, nilikuwa nimeisahau. Kupika sabuni, unajua kwa ulimi. Unagusa kidogo tu. Ikikupiga kama umeme, haijaiva. Ikinyamaza, mwaga mu kalibu. Batu banamaliza masomo na hiyo hawaijue.

Iliponyamaza nikasema: mwageni. Kyakimwa akaambia bengine: "Ulimi ya Mama Masika iko na diplôme. Kichwa ndiyo ilibakia primaire."

Nilicheka mpaka machozi. Siku mingi sijacheka hivyo.

Siku ya tano, 13 juillet

Sabuni yote imeenda mu soko. Yote. Batu banasema yetu haina harufu mais inakaa, haiyeyuki haraka.

Nilimuomba Patron anichungie fasi moya ya kukata sabuni na waya, pa meza ya karibu na mimi. Ya Masika. Alikubali mpaka mwisho wa mwezi wa munane.

Nimesiriba chumba chake na pemba, ule udongo mweupe. Nimeomba mukeka mupya kwa jirani, nitalipa siku ya posho. Masika hajui kitu. Nitamwandikia wiki ijayo.

Siku ya Mungu, 22 juillet

Yeye ndiye ameandika mbele.

Chauffeur wa camion ya viazi alileta barua. Masika anasema: Mama, kazi imevunjika. Carton moya pale Kasindi banaomba taxe karibu sawa na bei yake. Banasema kuko batu ba Butembo baliandika kuomba hivyo. Mungu Nyamuhanga abaonyeshe.

Nilisoma mara tatu. Abaonyeshe. Ni mimi huyo.

Chauffeur alikuwa anamaliza viazi nilimupa. Aliniuliza: "Mama, hakuna jibu?"

Nikasema: umusalimie tu.

Mimi ni mwoga. Mama mwoga.

Siku ya tatu, 1 août

Soude imekwisha. Ingine iko Kasindi, douane imeikatalia. Bale ba bureau ya douane baliandika taxe kwa bintu byote bya sabuni, na soude ni kitu ya sabuni. Inalipa sawasawa. Patron alishuka mwenyewe kwenda kubembeleza. Alirudia na sura ya mutu ametoka kilio.

Mawese pia. Kila barrière ile banafunga nayo njia ya Beni, basoda na bunduki zao banachota bidon moya. Pipa ikifika hapa ni nusu.

Kyakimwa alimuangalia Patron, akauliza polepole: "Viazi vya Musienene, vimeiva?" Hakuna mutu alicheka.

Siku ya Mungu, 5 août

Jana tulijaribu kama tata zetu, bazee ba zamani: majivu ya maganda ya ndizi, maji yake unachuja, unapikia mafuta. Mi ndiye nilisema tujaribu. Nilikuwa na kiburi.

Ilitoka nyeusi, laini. Mu soko mama mumoja alibonyeza kipande, kidole kikaingia mpaka kukucha. Akasema: "Mama, hii ni ya kufua ao ya kula na bugali?"

Batu bakacheka. Nikafunga bintu byangu nikaenda.

Siku ya posho, 11 août

Leo camion tatu zimeingia mu mji. Sabuni ya Uganda, imejaa mpaka juu. Bei kama zamani, hata chini kidogo.

Tuliuliza: na taxe? Batu banasema mwenye camion, mufanyabiashara mukubwa, alikopesha bakubwa ba vita franka mbele ya wakati. Donc bintu byake vinapita bila kulipa. Ni hivyo. Anayelipa ni yule anabeba carton mbili mu mugongo.

Yaani Masika.

Nilikaa chini kwa mulango ya savonnerie. Sikuweza kufagia.

Siku ya ine, 16 août

Chauffeur wa viazi amesimama hapa bila kuzima camion. Amesema pale Kasindi balinyanganya sabuni ya Masika yote. Alipita njia ya pori, juu ya kuikimbia douane. Balimukamata. Balimusukuma, akaangukia mukono.

Naenda Beni siku ya posho.

Siku ya posho, 18 août, Beni

Barrière saba. Kila fasi tunashuka, tunatoa kitu, tunapanda. Beni iko na joto, jasho inashuka bila kazi. Basoda kila kona. Mashariki tulisikia risasi, batu hata hawageuki.

Nilimukuta Masika kwa dada mumoja anaishi naye. Mukono umefungwa na kitambaa. Amekonda. Alinikumbatia na mukono moya, akasema: "Ee mama, umepita ile njia yote wewe?" Akaanza kunitafutia maji ya kunawa.

Nikamwambia. Bila kukaa. Nikasema jina ya kwanza mu ile barua ni yangu.

Aliweka chini ile maji ya kunawa. Kisha alicheka, mais haikuwa kicheko kizuri.

"Mama. Na mi kila siku naomba Mungu abaonyeshe."

"Najua."

"Ile barua yenu, bale bakubwa balifungia karanga. Balikuwa banatafuta franka ya vita. Bangepandisha hata kama hamukuandika. Munafikiri banasoma barua ya bamama ba sabuni?"

Nilifikiri hiyo itanipumuzisha. Haikunipumuzisha. Jina yangu haikuleta kitu, hata mabaya. Lakini mi niliitia.

Kisha akauliza ile ingine. Aliuliza akiwa ananipa mugongo, anakoroga sombe.

"Ulikuwa unataka nirudie?"

Nikasema ndiyo.

"Kwa nini haukuniambia tu? Ungeandika: mwana, niko peke yangu, kuja. Ningekuja, mama. Siku ile ile."

Miaka mbili nilikuwa namuandikia ati niko muzuri. Huku kwetu mama halalamike kwa mutoto, ni kumubebesha muzigo. Wakubwa ba taxe niliweza kubaomba. Mutoto wangu sikuweza.

Nikamwambia kuko fasi pa meza, karibu na mimi. Akasema: "Soude iko?"

Nikamupokea mwiko, nikakoroga sombe.

Siku ya Mungu, 19 août, Beni

Misa pamoja. Aliimba karibu na sikio yangu. Sauti yake imekuwa nene, sauti ya mwanamuke.

Ile dada anaishi naye iko na ndugu kule Kasese, ng'ambo, Uganda. Kuko fasi ya kuuzisha chakula kwa bachauffeur. Kule hakuna vita. Balisha patana na ile ndugu. Masika ameuzisha fasi yake mu soko ya Beni ili alipe njia. Banaenda kesho.

Alisema nami niende. Nikasema nyumba, nikasema savonnerie, nikasema kaburi ya mudogo wake. Alijua hata moya si sababu yenyewe. Naogopa. Hapa najua kila kitu, kule nitakuwa mama ya kulishwa.

Siku ya kwanza, 20 août

Nilimusindikiza mpaka kwa camion. Nilimufunga kitambaa ya mukono upya, hata kama ilikuwa nzuri tayari. Alisema: "Mama, ukikosa kazi, andika. Ukiniita nakuja. Sasa umeniskia?"

Nikasema nimeskia.

Camion ilienda. Vumbi. Nilibakia nimesimama mpaka soda mumoja wa barrière akaniambia nitoke mu njia.

Kurudi Butembo, barrière saba ile ile. Sikuhesabu, ninajua tu.

Siku ya ine, 30 août

Tunapika mara moya kwa wiki, na soude ya magendo, bei ya kuua. Bamama ine. Patron hanisemeshe tena juu ya ile fasi. Meza iko pale. Kyakimwa anawekaka kikapu chake juu, mi namuacha.

Batu banasema kule Eringeti, upande wa Beni, batu banakimbia tena. Kila siku nashukuru Mungu Masika hayuko tena upande ile. Kisha nikimaliza kushukuru nalia. Sijui inaitwa nini.

Siku ya tano, 7 septembre

Patron amefunga. Amesema ataanza kuuzisha sabuni ya Uganda, kwa yule mwenye camion. Anaona aibu, hakuniangalia. Funguo aliniomba.

Kyakimwa anaenda kulima kwa ndugu yake Kasugho. Aliniambia: "Mama Masika, uchunge ile ulimi." Tukakumbatiana kama bajinga mbele ya batu.

Siku ya kwanza, 10 septembre

Nimefua nguo za jirani. Amenipa unga. Mikono iko mizima, Mungu asifiwe.

Siku ya ine, 13 septembre

Barua toka Kasese. Masika iko vizuri. Analala bila kusikia risasi, anasema siku za kwanza hakuweza kulala sababu ya ile kimya. Anauzisha chapati. Amenenepa, ati nitacheka nikimuona. Mukono umepona.

Anauliza: na kazi? Munapika? Useme ukweli.

Siku ya Mungu, 16 septembre

Mvua toka asubui. Sikuenda misa, kikohozi.

Chauffeur anapita kesho, donc nimeandika leo. Ukurasa moya nilipasua. Ya pili pia. Ile ya kwanza niliandika ukweli yote, kama alivyoniomba. Nikaisoma. Nikaona atapanda camion siku ile ile, atapita Kasindi, atapita Beni, barrière zote, kuja kukaa na mimi hapa tufue nguo za batu.

Ya tatu imesema hivi: Mwana wangu, niko muzima. Kazi inaendelea, tunapika sana. Nimefurahi umenenepa. Usijisumbue na njia, ni mbaya. Noeli tutaona.

Hakuna fasi nimeandika ati niko peke yangu. Nilitafuta mara mbili, hakuna.

Sina gundi. Nilipika bugali, nikachota kidogo na kidole, nikafunga barua. Bugali ilibakia nimekula.