Chakula cha Mungu Hakionjwi

Ghorofa ya tatu, juu ya duka la vitenge,
Mchafukoge,
Dar es Salaam.
6 Novemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Tarulata,

Jai Shri Krishna, na heri ya mwaka wetu mpya. Hujambo? Magoti yanasemaje na baridi ya huko Leicester? Presha ya mumeo imetulia? Wajukuu je, wameanza kula pilipili au bado wanalia? Sisi huku tu wazima. Joto limeshaanza, maji ya bomba yanakuja yanapotaka yenyewe, na mimi sina ninachoumwa isipokuwa kile mnachokijua wote.

Nakuandikia kwa Kiswahili makusudi. Ni lugha tuliyomfichia bibi siri zetu utotoni, na leo inanifaa kumficha mumeo, maana nina maneno.

Maneno yenyewe ni haya. Kwenye kundi la familia la WhatsApp uliandika, “Dada apumzike sasa, Annakut ya mwaka huu tuagize.” Taru, umesahau Kiswahili? Huku anayeambiwa apumzike ni marehemu. Mimi sijafa. Na mlima wa vyakula anaopangiwa Krishna siku ile haujawahi kutoka nje ya jiko letu tangu mama yetu, Ba, alipoolewa katika nyumba hii, sembuse kuletwa na pikipiki.

Najua hoja yenu. Tangu ile korona ya mwaka 2021 ulimi wangu haujui chumvi wala sukari, na pua haitofautishi samli nzuri na iliyoungua. Na ndiyo, siku binti wa Kishor alipovishwa pete, mwezi wa saba, dengu zangu zilikuwa chumvi tupu na wageni wakakimbilia maji. Nilitamani ardhi ipasuke. Tangu hapo huyu kaka yetu mdogo amenifanya mgeni katika jiko la mama yangu. “Jasuben, wewe kaa tu.” Nimekaa miezi mitatu. Kukaa kunachosha kuliko kupika.

Lakini nikuulize: chakula cha Mungu kinaonjwa? Ba alitufundisha nini? Uoge, ufunge nywele, usitie kitunguu maji wala saumu, na ulimi uuache nje ya mlango pamoja na viatu, maana wa kwanza kula ni Krishna, na kilichoonjwa ni makombo. Ba alipika aina ishirini na moja bila kulamba hata kidole. Kwa hiyo siku ya Annakut kila mpishi hana ulimi. Ni siku moja tu katika mwaka ambayo mimi na nyinyi tuko sawa, na siku hiyohiyo ndiyo mnataka kuninyang'anya!

Kishor hakusikia. Akaagiza mithai na mboga kwa mpishi mmoja wa sherehe, akaniambia kazi yangu itakuwa kuvipanga vizuri. Kupanga! Nilisubiri aende dukani kwake Msimbazi, nikampigia yule mpishi nikafuta oda yote. Akauliza anazungumza na nani. Nikasema, mama yake Kishor. Ba anisamehe huko aliko, lakini sauti niliipatia.

Baada ya hapo hapakuwa na kurudi nyuma. Jumamosi alfajiri nikaoga, nikavaa sari safi, nikawasha majiko yote. Fakhriya, jirani yangu wa mlango wa pili, yule Mwarabu wetu mwenye duka la mapazia, alikuja kunikatia mboga kama kila mwaka, ameoga na ametawadha. Kile chungu kikubwa unakijua, kila mboga iliyopo sokoni lazima iingie. Tulitia bilinganya, bamia, boga, ndizi mbichi, njegere, viazi vitamu, hata matembele. Krishna wa Gujarati sidhani kama anayajua matembele, ila wa Mchafukoge ameshayazoea.

Haradali niliisikiliza ikipasuka kwenye samli. Manjano niliyapima kwa macho, dengu nilizibonyeza kwa vidole nikajua zimeiva. Niliona raha, Taru, raha ambayo sijaionja tangu mwezi wa saba.

Nilipogeuka kuziepua puri kwenye mafuta, Fakhriya akadondosha mchuzi kiganjani akalamba. Ni mazoea tu, mpishi yeyote wa pwani hufanya hivyo. Nilipiga kelele mpaka muuza vitenge wa chini akatoka nje kuuliza kuna nini.

“Astaghafirullah! Jasu, mkono umeenda wenyewe!” Kisha nikaona uso wake unakunjamana. “Shoga, hii chumvi umetia mara ngapi?”

Nilikuwa nimetia mara mbili.

Sitakuficha, nililia. Nilikaa kwenye kigoda cha Ba nikalia na mwiko mkononi. Niliziona sahani arobaini na zile nyuso za siku ya pete, na Kishor akiniangalia kwa huruma. Huruma ya Kishor siiwezi. Fakhriya asingelamba, chungu kile kingefika mbele ya Mungu hivyohivyo, na kwa kuwa amelamba, hakiwezi kufika kabisa. Akaniuliza polepole, “Nimpigie Kishor?” Nikafuta uso, nikamwambia, “Kata mboga nyingine.”

Alikwenda mwenyewe Kariakoo, akarudi na vikapu viwili huku anatweta. Tukaanza upya, safari hii kwa sheria yangu: kila nikitia chumvi, yeye aseme kwa sauti, “Imeingia!” Ulimi wa jirani hauruhusiwi, lakini macho yake nani kayakataza? Nikawa natia, naye anaita, mpaka tukacheka kama wasichana. Chungu cha kwanza alikihamishia kwake, akakiongezea viazi na maji tele, wanawe wakakila kwa mkate siku mbili.

Saa sita mchana vyakula ishirini na moja vilikuwa mbele ya Krishna, kuanzia vitamutamu vya ladu hadi mtindi wa zafarani. Tukafunga pazia ale kwa faragha, tukaimba, tukafungua. Kishor aliingia akitafuta maboksi yake.

“Mpishi ananiambia mama yangu kapiga simu,” akasema.

“Basi kaa ule,” nikamjibu. “Mama kapika.”

Alikaa. Ile mboga aliiongeza mara mbili. Wengine walisifu sana, lakini sifa zao sizishiki. Chakula kikishatolewa kwa Mungu kinakuwa prasadi, na prasadi haikosolewi. Hata ingekuwa mchanga wangesema tamu.

Nisalimie shemeji (mtafsirie salamu tu, mengine achana nayo), msalimie na mwanao Hemlata na watoto wake wote. Kishor na mkewe wanawasalimu, na Fakhriya anakuuliza utakuja lini, au umehamia huko moja kwa moja. Mungu akupe afya, jiko lenye moto, na watu wenye njaa ya kula unachopika.

Limebaki moja. Bakuli la Fakhriya huwa nalipakua kabla vyakula havijapelekwa mbele ya Mungu, kwa sababu dini yake haimruhusu kula vilivyokwisha kutolewa. Ni miaka thelathini sasa na hatujakwaruzana kwa hilo. Jana alilirudisha, ndani katia tende, unajua bakuli halirudi tupu. Nikamshika mkono palepale mlangoni, kama mtoto anayesubiri matokeo ya mtihani. Nikamwambia, wewe hujawahi kunidanganya, sema kweli, chumvi ilikuwaje?

“Imepungua kidogo,” akasema.

Basi waambie wote kwenye kundi: mwakani nitaongeza.

Dada yako akupendaye hata ukimuudhi,

Jasumati