Ndege ya Aabo: Meli au Mabawa Yake?

Habaswein, Alhamisi. Joto la leo halina adabu. Hata mbuzi wamegoma kutoka kivulini.

Nimekuja nyumbani kuamua jambo moja, na hadi leo mchana sikuwa nimeamua.

Ile ndege ndogo ya Aabo, baba yangu, nimeipata Afrika Kusini na nimeinunua. Injini moja, viti vinne, rangi imechujuka. Aliirusha huku kwetu nusu ya maisha yake akibeba dawa na wagonjwa, mpaka macho yalipoanza kumsaliti, akaiuza. Mimi nami ni rubani kwa sababu yake. Sasa niilete vipi?

Fundi wa kule anashauri ifunguliwe mabawa, iingie kwenye kontena, ije kwa meli hadi Mombasa, kisha lori hadi hapa. Salama kabisa. Ama niirushe mwenyewe, kituo hadi kituo. Injini ameikagua na ni nzima, ila imezeeka, na kitu kilichozeeka huwezi kukiapia.

Kichwa kinasema meli. Moyo hausikii.

Maana Aabo haoni tena, ni mwanga tu. Ikija kwa lori atapapasa bati, atasema alhamdulillahi, basi. Anachotamani ni ule mngurumo. Zamani akirudi alizunguka mji mara mbili. Mara ya kwanza alipita chini chini kufukuza mbuzi na ngamia waliolala uwanjani, ya pili akatua. Hooyo, mama yangu, akisikia mzunguko wa kwanza alibandika chai. Sisi watoto tulijua baba amefika kwa harufu ya iliki.

Naitamani harufu ile mpaka leo.

Lakini jana nilipotaja kuirusha, Hooyo aliendelea kuchambua mchele, kisha akasema, "Nimemsubiri mume angani miaka yote. Mtoto simsubiri." Akaingia ndani. Kumbe ile chai ilikuwa ya kuipa mikono kazi mpaka atue salama. Mimi niliidhani furaha tupu.

Kwa hiyo leo mchana nikawaambia wote wawili: haya, itakuja na meli. Sikuwa na kinyongo, wallahi, ila nilihisi kama nimefunga duka la mtu. Aabo alikuwa kwenye mkeka wake. "Kheri, mwanangu," akasema, akageuza uso kuelekea uwanja wa ndege asiouona. Akabaki hivyo mpaka adhana ya alasiri.

Hooyo alimtazama muda wote huo.

Baada ya magharibi akaniuliza kutoka jikoni, kwa sauti ya mtu anayeulizia chumvi, "Utazunguka mara mbili, kama yeye? Nijue nibandike chai lini."

Nikasogea mlangoni pa jikoni. "Mara mbili, Hooyo."

Nikageuka kumtazama Aabo kule kwenye mkeka. Alikuwa anacheka peke yake.

Asubuhi nampigia fundi simu. Mabawa yasiguswe.